Mahakama Ionekanayo, Hukumu Isiyosikika

Tarehe 1 Septemba 2017, Jaji Mkuu wa Kenya, David Maraga, alisoma mbele ya kamera uamuzi wa Mahakama ya Juu uliobatilisha uchaguzi wa rais wa tarehe 8 Agosti mwaka huo. Majaji wanne waliafiki, wawili walipinga. Dakika chache zilitosha. Kuna walioshangilia, kuna waliojiinamia, na nchi nzima iliona. Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni hili: nchi nzima ilisikia nini?

Mjadala wa kamera mahakamani umezoea kupita njia moja. Mahakama ya Juu ya Marekani hurekodi sauti za mashauri yake tangu mwaka 1955, na kuanzia Mei 2020, wakati wa janga la korona, sauti hizo zikaanza kurushwa moja kwa moja. Lakini kamera haijaruhusiwa. Jaji David Souter aliwaambia wabunge mwaka 1996 kwamba siku kamera itakapoingia, itapita juu ya maiti yake. Hoja za wenye msimamo huo zinajulikana: wakili atamhutubia mtazamaji badala ya jaji, jaji naye ataichunga sura yake, na shauri la siku nzima litakatwa vipande vya kuchekesha watu. Si hoja za kupuuzwa.

Hata hivyo, mahakama ya juu si mahakama ya mwanzo. Katika kesi za kupinga uchaguzi wa rais nchini Kenya, hakuna mtoto anayetetemeka kizimbani wala mjane anayehojiwa mbele za watu. Ushahidi huletwa kwa hati za kiapo, na Katiba imewapa majaji siku 14 tu za kusikiliza na kuamua. Kinachobaki ukumbini ni hoja, na hoja haioni haya kutazamwa. Tena hii ni nchi iliyomwaga damu baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, pale upinzani ulipokataa kwenda mahakamani kwa kuwa haukuziamini. Kamera zilizorusha kesi za mwaka 2013, 2017 na 2022 hazikuwa pambo. Zilimwezesha aliyeshindwa kumwona wakili wake akipewa nafasi ya kusema, na majaji wakimsikiliza.

Udhaifu wa kamera uko kwingine: kamera huonesha, haifasiri. Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini kesi hizo zilinenwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha wanasheria. Mvuvi wa Pate asiyeijua lugha hiyo, akiketi mbele ya televisheni, hana la kufuata ila nyuso. Atamtazama nani katabasamu, nani kakunja uso, nani kapandisha sauti. Hoja itampita kama upepo. Basi ule mchezo wa kuigiza unaoogopwa na wapinzani wa kamera hauletwi na kamera peke yake. Huletwa na lugha isiyofahamika. Asiyefahamu maneno hulazimika kutazama vituko.

Wala kufasiri si kazi ya kubahatisha. Uamuzi wa mwaka 2017 uliyaeleza matokeo kwa maneno matatu ya Kiingereza yanayokaribiana maana, na Kiswahili kinalo moja linaloyatosheleza: batili. Neno hilo mtu wa pwani halihitaji kamusi. Amelijua chuoni, katika saumu, katika ndoa. Hapo lugha iko tayari, inangoja kuitwa. Pengine kazi ni ngumu zaidi. Hukumu hiyo hiyo ilitenga kasoro za utaratibu na uvunjaji wa sheria, na uzito wake unategemea kutenganishwa huko. Mfasiri akiyatia yote mawili katika neno "kasoro", msikilizaji atadhani uchaguzi umefutwa kwa makosa ya karani aliyechoka.

Tarehe 5 Septemba 2022, Jaji Mkuu Martha Koome, akisoma uamuzi wa pamoja wa majaji saba, alitumia misemo miwili ya Kiingereza: mmoja wa hewa ya moto, mwingine wa kumfukuza bata bukini wa mwituni. Ikifasiriwa neno kwa neno ni upuuzi. Ikifasiriwa kwa maana, ni kwamba madai yalikuwa maneno matupu na mahakama ilizungushwa bure. Hapo ndipo mwananchi anapopata haki ya kuuliza kama lugha hiyo ilimstahi mlalamikaji. Pasipo tafsiri, hata haki hiyo ya kukosoa ni ya wachache.

Mifano ya njia nyingine ipo. Mahakama ya Juu ya Uingereza, inayoruhusu kamera tangu ilipofunguliwa mwaka 2009, huandaa muhtasari wa hukumu kwa lugha nyepesi, na jaji huusoma hadharani. Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2021, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, japo Kiingereza hakikufungiwa mlango. Mahakama ya Nairobi ingeweza kuanza na dogo: muhtasari wa Kiswahili ulioandikwa na mahakama yenyewe na kusomwa na jaji siku ile ile, si kuachiwa mtangazaji wa taarifa ya habari ya jioni aliyefasiri kwa haraka.

Sababu kamili za uamuzi wa 2017 zilitolewa tarehe 20 Septemba, katika usomaji mrefu uliofika usiku. Kamera zilikuwapo. Waliokuwa wameshangilia na waliokuwa wamejiinamia walipewa hapo majibu ya "kwa nini", na wengi wao hawakuweza kuyapokea. Mlango wa mahakama umefunguliwa. Waliosimama kizingitini bado hawajakaribishwa.