Sifa za Fundi Anayefumua

Fundi anayefunga kifaa kipya kwenye gari husifiwa papo hapo, kwa kuwa kazi yake inaonekana. Anayeondoa kifaa ambacho kiwanda hakikukiweka, akalirudisha gari lilivyokuwa siku liliposhushwa melini, akimaliza hana cha kuonesha. Ukifungua boneti unaona injini, waya na mabati, basi. Makala haya ni ya kumsifu huyu wa pili, na gari nitakalolitumia kueleza kazi yake ni Datsun 240Z.

Wapenzi wa mashindano ya magari Afrika Mashariki hawahitaji kutambulishwa gari hili. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally, na nafasi ya pili ikachukuliwa na Shekhar Mehta akiwa na Mike Doughty katika 240Z nyingine. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Mehta mwenyewe kuibuka bingwa, msaidizi wake akiwa Lofty Drews. Hata hivyo, soko kubwa la gari hili lilikuwa Marekani. Huko lilianza kuuzwa kwa dola 3,526, likiwa na injini ya silinda sita ya sentimita za ujazo 2,393 na kabureta mbili. Lilikuwa gari la kasi kwa bei ya mtu wa kipato cha kawaida.

Joto la Texas na Arizona halikujali kasi hiyo. Kioo cha nyuma cha 240Z ni kipana na kimelala, kwa hiyo jua la mchana huingia moja kwa moja ndani. Kiwanda hakikuwa kikifunga kiyoyozi kwenye magari hayo ya mwanzo. Wakala ndiye aliyenunua seti kutoka kampuni za Marekani, na mafundi wake wakaifunga kabla mteja hajakabidhiwa ufunguo. Seti yenyewe ilikuwa na kompresa nzito ya pistoni iliyofungwa ubavuni mwa injini kwa mabano manene, puli ya ziada na mkanda wa kuizungusha, kondensa mbele ya rejeta, chupa ya kukaushia gesi, kisanduku cha kupoza chini ya dashibodi, na mipira minene iliyopitishwa kwenye matundu yaliyotobolewa kwa drili. Aliyeifunga alikuwa na magari mengine yanayomsubiri. Alitoboa palipokuwa karibu, akakaza, akaendelea.

Sasa imepita zaidi ya miaka 50. Kompresa imekwama, mipira imekauka na kupasuka, na gari linabeba mzigo wa chuma usiofanya kazi, karibu wote ukiwa umeegemea magurudumu ya mbele. Kondensa isiyopoza kitu inaendelea kuzuia upepo wa rejeta. Mwenye gari anataka alionje kama lilivyotoka kiwandani, naye anadhani ni kazi ya asubuhi moja: legeza nati, toa, tupa. Fundi hodari humkatiza hapo hapo.

Jambo la kwanza ni gesi. Mifumo ya zamani ilijazwa R-12, mojawapo ya gesi zinazoharibu tabaka la ozoni, zilizowekewa mipaka na Itifaki ya Montreal ya 1987. Marekani iliacha kuitengeneza mwishoni mwa 1995, na tangu 1992 ni kosa la jinai huko kuiachia hewani kwa makusudi. Gesi hiyo huchemka ikiwa karibu nyuzi 30 chini ya sifuri, kwa hiyo ikiruka kutoka kwenye mpira huunguza ngozi na jicho kwa baridi. Fundi mwenye cheti cha kazi hiyo hufunga geji hata kama mwenye gari anaapa kuwa mfumo ni mtupu. Kisha huipima gesi iliyobaki kwa kifaa cha kuitambua, maana huenda mmiliki fulani wa katikati alijazia mchanganyiko unaoshika moto. Baada ya hapo ndipo mashine ya kunyonya inawashwa, na gesi inahifadhiwa kwenye mtungi wake.

Halafu fundi anaacha spana mezani na kuanza kusoma gari. Kila tundu lina historia yake. Tundu la kiwandani lina ukingo laini, rangi imeingia mpaka ndani, na mara nyingi lipo mahali pale pale kwenye kila gari la aina hiyo. Tundu la wakala lina makali, rangi imekatika ghafla ukingoni, na kutu imeanza kula kuanzia hapo. Huyapiga picha yote, huchora ramani ya waya, na huandika kila bano limeshikwa na bolti zipi. Asiyejua anaweza kuziba tundu la kiwandani na kuliacha la wakala, kisha gari likapotoshwa mara ya pili na mtu aliyedhamiria kulinyoosha.

Hapa ndipo ninapomwona fundi huyu kama fundi cherehani anayefumua mshono kwenye kitambaa cha thamani. Kushona alishona mtu mwingine, tena kwa pupa. Yeye anapaswa kutoa uzi mmoja mmoja bila kuchana nguo, na hajui ni wapi yule wa kwanza alikaza kupita kiasi.

Chukua bolti za mabano ya kompresa. Kwa kuwa bano ni nene, aliyelifunga alitoa bolti za kiwandani kwenye injini na kuweka ndefu zaidi. Bano likiondoka, bolti ndefu haifai tena. Ukiirudisha, itagonga mwisho wa tundu kabla ya kubana kitu chochote, na ukiendelea kuikaza unaweza kupasua chuma cha injini. Kwa hiyo fundi hupima kina cha kila tundu, husafisha nyuzi zake, kisha hutafuta bolti yenye urefu na daraja la uimara vilivyokusudiwa na kiwanda. Dereva hatakaa azione bolti hizo. Fundi anajua zipo, na kwake hilo linatosha.

Puli nayo inadai heshima. Puli kuu ya mbele ya injini ina duara la nje na kitovu, na kati yake pana mpira wa kumeza mitetemo. Mpira huo una umri wa gari lenyewe. Mwenye haraka huingiza bisibisi nyuma ya puli na kuitekua, au hushika duara la nje kwa pula na kuvuta. Mpira unaachia, na alama za kupangia muda wa cheche zinahama bila mtu kujua. Fundi mzuri hufunga pula kwenye kitovu, huvuta taratibu, kisha huukagua mpira kabla ya kuamua kama puli hiyo itarudi kazini.

Ndani ya kabini, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kisanduku cha kupoza kimejibana chini ya dashibodi, na dashibodi za 240Z zinajulikana kwa kupasuka. Plastiki iliyopigwa na jua miaka hamsini hukatika ikiwa baridi. Kwa sababu hiyo fundi huliacha gari juani, au hupasha kabini joto, mpaka plastiki ilegee kidogo, ndipo aguse skrubu ya kwanza. Waya za wakala ziliungwa kwa vibanio vinavyouma waya ya kiwandani na kukwangua ngozi yake. Kila palipoumwa yeye hupafungua, hupasafisha, huunga kwa risasi ikibidi, na kuvika ngozi mpya. Ni fundi anayekataa kukata waya ya asili hata kama kuikata kungemwokolea saa nzima.

Uamuzi mgumu kuliko yote ni wa matundu. Kuchomelea kunavutia, kwani baada ya rangi tundu linatoweka kabisa. Lakini moto wa kuchomelea huunguza rangi pande zote mbili za bati, pamoja na zulia la lami lililobandikwa nyuma yake, na bati jembamba hujikunja. Gari likiwa bado na rangi yake ya kwanza, fundi mwenye busara huondoa kutu, hupaka kinga ya chuma na kuziba tundu kwa kizibo cha mpira kinachoweza kutolewa. Gari likiwa linaelekea kupakwa rangi upya, hukata kiraka cha bati lenye unene ule ule, huweka kipande cha shaba nyuma ili kunyonya joto, kisha huchoma nukta moja hapa na nyingine kule, akisubiri bati lipoe. Njia zote mbili ni sahihi. Ustadi uko katika kujua gari lililo mbele yake linahitaji ipi.

Uzito ukishatoka, gari lote linabadilika. Pua inanyanyuka kidogo kwenye springi, kwa hiyo mwelekeo wa magurudumu hupimwa upya. Silensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, iliyokuwa imepandishwa ili injini iweze kuizungusha kompresa hushushwa, na kabureta zote mbili husawazishwa ili zivute hewa kwa kiwango kimoja. Mapezi ya rejeta yaliyolazwa na kondensa hunyooshwa kwa kitana chake. Huu ndio wakati fundi wa kawaida husema gari linawaka, lichukue. Hodari hulipeleka barabarani, hulirudisha, hulisikiliza tena.

Wala hamdharau aliyefunga kiyoyozi. Dereva aliyevuka jangwa la Arizona mwezi Julai alikihitaji kweli, na mfumo ambao bado unapoza vizuri, kwenye gari linaloishi jangwani, una hoja nzuri ya kubaki. Ndiyo maana anapoondoa hatupi kitu. Kompresa, mabano, bolti ndefu na picha huingia kwenye boksi lenye maelezo, na boksi hilo hulifuata gari kwa kila mmiliki atakayekuja.

Kwa mwenye gari la zamani nina ombi moja. Usimchague fundi wa kazi hii kwa kumuuliza atamaliza lini. Muulize atafanya nini na gesi, bolti fupi atazipata wapi, na matundu atayaziba vipi. Akiwa na majibu, mwachie ufunguo, mlipe kwa saa alizotumia, na usimhimize.