Muziki wa Watoto ni Kazi ya Jamaa Nzima

Mzazi akiombwa kumtoa mtoto wake jioni tatu kila juma ili akajifunze kupiga fidla, ana haki ya kuuliza: "Faida yake nini?" Hapa Munigi swali hilo si la mzaha. Mtoto huyo ndiye achotaye maji, tena ndiye amwangaliaye mdogo wake mama akiwa sokoni Goma. Nyumba zetu nyingi zimesimama juu ya mawe ya volkano. Mwaka 2002 ardhi ilipasuka karibu nasi, na mwaka 2021 moto wa Nyiragongo ulishuka tena. Vita navyo vimewaleta wakimbizi kwetu na kuwahamisha tena. Basi, mtu akija mahali kama hapa na neno la okestra ya watoto na jamaa zao, hana budi kuja na jibu pia.

Jibu hilo tumelitafuta katika filamu iitwayo Kinshasa Symphony, iliyotengenezwa na Wajerumani wawili, Claus Wischmann na Martin Baer, ikatolewa mwaka 2010. Yahusu okestra ya Wakimbangu wa Kinshasa, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu. Huyu alikuwa rubani wa ndege. Alianza na watu wasioujua muziki wa namna ile, na fidla chache walizopokezana. Uzi ukikatika, walitafuta waya wa breki ya baisikeli. Katika filamu twawaona wakijifunza Simfonia ya Tisa ya Beethoven, wapigaji na waimbaji pamoja.

Twaisifu filamu hii kwa jambo moja kubwa: yaingia nyumbani mwa watu. Mama apigaye selo twamwona sokoni akikaanga mayai ya kuuza. Apigaye filimbi amlea mtoto wake peke yake, naye yuko mbioni kutafuta nyumba ya kupanga. Mwingine ni fundi wa umeme na tena kinyozi. Umeme unapokatika katikati ya muziki, wenzake waendelea kupiga gizani, naye aenda kuutengeneza. Hapo mtazamaji aelewa kwamba okestra ile haikuundwa na watu waliokosa la kufanya. Ni watu wenye shughuli nyingi, waliokubali kuongeza moja zaidi kwa sababu waliipenda.

Lakini filamu ina upungufu wake. Mara kwa mara yamweka mpigaji mmoja peke yake kando ya barabara, magari na watu wakimpita, ili sisi tustaajabu. Mgeni atazamaye mara moja huridhika na ajabu hiyo, lakini mzazi ataka kujua kazi ya kila siku. Nani atamfundisha mwanangu? Akishindwa mara ya kwanza, atavumiliwa? Nami nikija jioni kumsikiliza, nitaketi wapi? Juu ya haya filamu yasema machache.

Kwa maswali hayo yafaa tutazame Nairobi. Huko Korogocho, karibu na jalala kubwa la Dandora, katika parokia ya Mtakatifu Yohane, Bi Elizabeth Njoroge alianzisha mwaka 2008 mafunzo yaitwayo Ghetto Classics. Watoto hujifunza fidla, tarumbeta na vyombo vingine, na sifa zao zimefika mbali. Sisi hatuhesabu kwanza sifa hizo. Wazee walisema, "Ngoma ivumayo haidumu." Lililotupendeza ni kwamba vijana waliojifunza pale wamekuwa walimu wa wadogo zao. Tamasha la wageni huisha kwa saa moja, watu wakaenda zao. Lakini kijana akaaye mtaa uleule, amjuaye mama wa mtoto na njaa ya nyumba ile, huyo atakuwapo kesho na kesho kutwa.

Liko jambo jingine: watapiga nini? Wako wasemao kwamba mtoto wetu hana haja na Beethoven. Hatukubaliani nao. Hesabu nazo hazikuzaliwa Munigi, na hatuwazuii watoto kujifunza. Ila tamasha la jamaa ambamo mama hatambui hata sauti moja humfanya mama huyo kuwa mgeni mbele ya mwanawe mwenyewe. Tukumbuke Missa Luba ya mwaka 1958. Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliiimbisha huko Kamina pamoja na watoto wa shule na walimu wao. Kyrie yake yafuata kasala, wimbo wa Waluba wa kuomboleza. Mama Mluba aisikiapo, hahitaji kuelezwa kwamba mtu anaomba huruma. Watoto wale waliimba Misa ya Kanisa zima kwa sauti waliyoizoea nyumbani kwao.

Kwa hiyo Munigi haina haja ya kungoja sanduku kutoka Ulaya. Tunazo ngoma, na kwaya za watoto. Tunao pia mafundi wa chukudu, ambao kwa shoka na panga hutengeneza chombo cha mti kibebacho magunia ya viazi kutoka Kibumba hata Goma. Katika filamu ile mtu mmoja wa Kinshasa atengeneza kwa mikono yake fidla kubwa kupita kimo chake. Fundi wetu akionyeshwa mfano, atashindwaje?

Na faida yenyewe? Katika okestra mtoto hujifunza kunyamaza mwenzake apigapo, na kuingia zamu yake ifikapo. Katika Kivu yetu, ambako watoto wamefundishwa kuogopana kwa ajili ya kabila, hilo si somo dogo. Hawezi kupiga vema asipomsikiliza aliye karibu naye, hata akiwa mtoto wa nyumba ambayo baba yake haisalimu. Na siku ya tamasha baba wawili hao watakaa katika ukumbi mmoja, kila mmoja akimtazama wake.

Basi wazazi, ajapo mtu na mpango wa muziki kwa watoto wetu, tumwulize mambo matatu. Baada ya miaka mitatu nani atafundisha? Katika nyimbo zenu, ni zipi atakazozitambua mama? Na sisi wazazi, kazi yetu itakuwa nini? Akijibu vema, tumpe watoto, hata kama jioni hizo tutachota maji wenyewe. Asipojibu, tumshukuru kwa adabu, aende zake.