Mke na Mali katika Kisa cha Nyamgondho

Miongoni mwa visa vya Waluo wa kusini mwa Nyanza, kisa cha Nyamgondho mwana wa Ombare, mvuvi wa Gwassi huko Homa Bay, kimezoeleka mno hata maana yake hudhaniwa kuwa imekwisha kuelezwa. Mvuvi maskini anamnasa kikongwe ziwani, anamwoa, na mifugo inajaa zizini. Kisha utajiri unamlevya. Usiku mmoja anarudi kutoka pombeni na kumtukana mkewe kwa asili yake. Bibi anashika njia ya ziwani, na mifugo yote inamfuata. Nyamgondho anabaki ufukoni, anageuka mti.

Wafasiri wengi hukifunga kisa hiki kwa onyo dhidi ya ulevi na utovu wa shukrani. Onyo hilo limo, lakini halijibu swali moja: kwa nini mifugo inamfuata mke? Katika mila za Waluo, Homa Bay na Migori zikiwamo, ng'ombe hutolewa kwa ajili ya mke, hawawi wake. Aliyemwacha mumewe aliondoka mikono mitupu, na huenda jamaa zake wakadaiwa mahari. Mjane naye huitwa chi liel, yaani mke wa kaburi. Lugha yenyewe yakiri kwamba kifo hakivunji ndoa, na juu ya msingi huo husimama desturi ya ter, mjane kutwaliwa na ndugu wa marehemu. Kisa kinaupindua mpango huo: mali ni ya aliyeileta.

Hata hivyo, mhakiki asifanye haraka kukiita kisa hiki utetezi wa wanawake. Mwenye haki hapa hana ukoo, hana kaka, wala hakutolewa mahari. Nguvu zake ni za ziwa. Jamii imeiwaza haki hiyo, lakini ikampa kiumbe asiyekuwa binti wa mtu. Mke wa kawaida, mwenye jembe na nyavu za kushona, amebaki nje ya kisa.

Ni huyo ambaye sheria imemkumbuka baadaye. Mwaka 1987 Mahakama ya Rufani ya Kenya, katika shauri la maziko ya S. M. Otieno, iliupa ukoo wa Umira Kager ushindi juu ya mjane. Ibara ya 45 ya Katiba ya mwaka 2010 imewapa mume na mke haki sawa katika ndoa na inapovunjika, na Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 huhesabu kazi za nyumbani na malezi kuwa mchango. Lakini mchango sharti uthibitishwe. Bibi wa Nyamgondho hakuombwa ushahidi, alitembea tu, na ng'ombe wakamjua mwenyewe.

Basi kisa hiki kisifundishwe kama onyo kwa walevi peke yake. Wanafunzi waulizwe pia: mali ya Nyamgondho ilikuwa ya nani?