Kufupishwa, Kukatwa au Kukatika? Tahakiki ya Istilahi Moja ya Kompyuta

Rasimu ya mwongozo wa programu za ulinzi wa kompyuta, iliyotafsiriwa kwa ajili ya watumishi wa ofisi za umma, ililetwa kwetu isomwe kabla haijachapwa. Kwa jumla ni kazi nzuri. Sentensi zake ni za Kiswahili, na mfasiri hakuona haya kutumia neno "amri" palipotaka amri. Lakini katika sura ihusuyo maonyo yenye matokeo yasiyokamilika limo neno moja ambalo hapana budi lijadiliwe, maana likiachwa litampotosha msomaji katika kazi ambayo kosa lake ni ghali. Neno lenyewe ni "kufupishwa".

Kwanza tulitazame jambo lenyewe. Programu kama OSSEC, au Wazuh iliyochipuka kutoka kwayo mwaka 2015, huweza kuagizwa iendeshe amri fulani katika kompyuta inayolindwa kila baada ya muda, isome majibu yake, na kutoa onyo pindi yakibadilika. Mfano maarufu ni amri iitwayo netstat, ambayo hutaja milango ya mtandao iliyo wazi. Jana milango ilikuwa kumi, leo ni kumi na mmoja. Onyo hutolewa likiwa na orodha mpya pamoja na ile ya zamani. Lakini kila chombo kinachopokea ujumbe huo njiani kina kipimo chake. Waraka wa mwaka 2001 ulioeleza utaratibu wa syslog uliweka ukomo wa baiti 1024 kwa ujumbe mmoja. Ule wa mwaka 2009 unamtaka mpokeaji aweze kupokea walau baiti 480, na unamshauri afikie 2048. NRPE, chombo kinachopeleka majibu kwa programu ya Nagios, katika toleo lake la pili nacho kilikomea baiti 1024. Kipimo kikijaa, kinachozidi hutupwa. Hakipimwi umuhimu wake. Hutupwa tu, hata iwe katikati ya neno.

Sasa rasimu yetu yasema: "Iwapo matokeo yamefupishwa". Kufupisha, kwa Mswahili, ni kazi ya akili. Mwalimu humpa mwanafunzi habari ya maneno mia tatu aifupishe kwa maneno themanini, na humnyima alama akiacha jambo kuu. Basi mtumishi wa zamu akiambiwa kuwa orodha "imefupishwa" ana haki ya kuamini kwamba yaliyo muhimu yamo, na kilichoachwa ni makapi. La hasha! Mlango wa kumi na moja, pengine uliofunguliwa na mvamizi, waweza kuwa ndio wa mwisho katika orodha, na ndio uliotupwa. "Kupunguzwa" nako hakutusaidii, kwani mshahara uliopunguzwa bado ni mshahara mzima wa kiasi kidogo.

Yabaki "kukatwa" na "kukatika", na hapa lugha yetu ina utajiri ambao mfasiri ameupita bila kuuona. Kinachokatwa kina mkataji. Kinachokatika, kama kamba, umeme au mazungumzo ya simu, kimekatika chenyewe kwa hitilafu. Tofauti hii si ya sarufi tu, kwani fundi anayetafuta chanzo huanza na swali hilohilo: nani kakata, na wapi? Mara nyingine mkataji ni amri yenyewe. Netstat ya Linux hukata anwani ndefu za IPv6 ili safu zikae sawa, mpaka iagizwe kutumia upana wote. Amri ya ps, majibu yake yanapopelekwa kwa programu nyingine, yaweza kukata mstari kwenye herufi ya 80, mpaka itiwe alama ya w mara mbili. Mara nyingine mkataji ni kipimo cha chombo cha njiani. Kote huko matokeo "yamekatwa", na dawa ni kubadili agizo au kipimo. Lakini mawasiliano yakivunjika kabla ujumbe haujafika wote, matokeo "yamekatika", na kuongeza kipimo hakutafaa kitu.

Iko hali ya tatu, nayo rasimu yaiita "kufupishwa" vilevile. Nagios hutenga mstari wa kwanza wa majibu na mistari inayofuata. Onyo likiandikwa kwa kutumia ule wa kwanza tu, msomaji huona mstari mmoja ingawa yote yamefika salama. OSSEC nayo, amri ikisajiliwa kwa namna ya kawaida, huhesabu kila mstari kuwa tukio la peke yake. Ipo namna nyingine inayoyachukua majibu yote kuwa tukio moja. Hapa hakuna kilichokatwa wala kukatika. Majibu "yamegawanywa" au "hayakuonyeshwa", na yasemwe hivyo.

Kwa jina la kitu chenyewe twapendekeza "matokeo gutu". Gutu ni kinachosalia baada ya kukatwa, na kwa bahati njema hata istilahi ya Kiingereza, kwa asili yake ya Kilatini, yahusu mti uliokatwa matawi ukabaki shina. Wapo watakaosema neno hili lamkumbusha mtu aliyepoteza mkono. Hoja hiyo ina uzito, na wasioridhika watumie "matokeo yaliyokatwa", ambayo ni marefu lakini hayana kosa.

Mengine ni madogo. Rasimu yasema "herufi 1024" mahali panapotaka "baiti 1024". Kwa maandishi yetu ya Kilatini hesabu ni sawa, lakini herufi ya Kiarabu katika mpangilio wa UTF-8 huchukua baiti mbili, na mkato waweza kuipasua katikati. "Kumbukumbu" imetumika kwa hifadhi ya kompyuta na pia kwa daftari la matukio yake. Kwa hilo la pili mabaharia wametuachia "batli", na haijachakaa.

Sentensi ya kwanza ya sura hiyo basi ingesomeka hivi: "Iwapo onyo lina matokeo gutu, endesha amri hiyohiyo kwa mkono katika kompyuta inayolindwa, ulinganishe majibu yake na yaliyomo katika batli, kisha na yaliyomo katika onyo, ili ujue yamekatwa wapi."