Upinde Mfupi na Mwili wa Mwindaji

Upinde wa mti mtupu hauwezi kuwa mfupi sana na bado uvutwe mbali. Ukikunjwa kupita kiasi, huvunjika. Ndiyo maana pinde za Wahadzabe wa Ziwa Eyasi ni ndefu, na ndiyo maana Wamongolia, waliohitaji kupiga mishale wakiwa juu ya farasi, waliunganisha mti, pembe na kano. Jibu jingine lilitoka Missouri, Marekani, ambako Holless Wilbur Allen aliomba hataza mwaka 1966, akaipata 1969, kwa upinde wenye roda kwenye ncha zake. Roda hizo hubeba sehemu kubwa ya uzito upinde ukishavutwa hadi mwisho: mwenye upinde wa ratili 60 unaopunguza asilimia 80 hushikilia ratili 12 tu. Leo zipo pinde za uwindaji zenye inchi 28 hadi 32 toka roda hadi roda. Ni ufundi wa kusifiwa kwa moyo wote, lakini faida yake hupotea dukani pale mnunuzi anapofuata tarakimu ya kasi, akasahau mwili wake na mahali atakapovizia.

Kasi inayotangazwa kwa kawaida hupimwa kwa mvuto (urefu wa kuvuta upote) wa inchi 30, uzito wa ratili 70 na mshale mwepesi wa gramu 23 hivi. Mwenye mikono mifupi na mshale mzito wa kuwindia haioni kasi hiyo kamwe. Na hata angeiona, sauti ingemshinda. Mshale uendao futi 300 kwa sekunde huchukua sehemu tatu za kumi za sekunde kufika yadi 30. Mlio wa upote hufika kwa chini ya sehemu moja. Kulungu wa mkia mweupe, windo kuu la wapiga upinde wa Marekani, huusikia, akajiinamisha ili aruke, na chembe ikapita juu ya mahali ilipolengwa. Kwa hiyo upinde mtulivu wenye mshale mzito una thamani zaidi kuliko ule wenye kasi na kelele. Na kwa upande wa mwili, kipimo cha kwanza ni mvuto: nyoosha mikono yote miwili, pima toka kidole hadi kidole, gawa kwa 2.5. Inchi 70 hutoa 28. Mvuto ukizidi hapo, bega hulegea na upote hukwaruza mkono wa koti.

Wapo wanaosema upinde mfupi hausamehe makosa, na wana hoja. Upote wake hukunjika kwa pembe kali zaidi, na wepesi wake huufanya uyumbe mkononi. Wapigaji wa shabaha huchagua mrefu kwa sababu hiyo. Mtu mwenye mvuto wa inchi 31 ningemshauri afanye vivyo hivyo. Lakini anayekaa kwenye ulingo juu ya mti, au ndani ya kibanda cha turubai, hupiga karibu, na upinde mrefu humgongea tawi au paa saa ile ile anayotaka kimya. Wengine hulalamika kwamba roda zimeua ustadi. Roda hazijui upepo unavuma wapi, wala hazimleti mnyama hadi hatua thelathini. Zinachofanya ni kumwezesha mwindaji kungoja, upinde ukiwa umevutwa, hadi mnyama ageuze ubavu, ili chembe iingie kwenye mapafu na kifo kiwe cha haraka. Kwa mnyama, hiyo ni huruma, nami sioni ustadi ulio juu ya huo.

Basi, msomaji, ukienda kununua, omba kiti. Keti, inua upinde, uvute polepole bila kuuelekeza juu, kisha ushikilie nusu dakika. Ukitetemeka, mwambie fundi apunguze ratili kumi. Ratili 50 zilizovutwa vizuri zinamtosha kulungu.