Askari na Nyumba Yake

Taifa humshukuru askari wake kwa njia nyingi: kwa gwaride, kwa nishani, kwa kaburi linalotunzwa, na kwa sanaa. Makala haya yanahusu sanaa. Swali lenyewe ni hili: tunapomsifu askari aliye mbali, tunamsifu nani hasa? Ili kulijibu, na tutazame kwanza sanamu mbili, kisha mashairi, na mwisho desturi moja ya watu wa Masasi na Newala.

Sanamu ya kwanza yasimama katikati ya Dar es Salaam. Waingereza waliiweka mwaka 1927, mahali palipokuwa na sanamu ya Mjerumani Wissmann. Ni ya shaba, nayo yaonyesha askari Mwafrika wa Vita Kuu ya Kwanza, bunduki mikononi, singe mbele. Kwa ufundi ni kazi nzuri. Lakini maandishi yaliyo chini yake yanawataja pia wapagazi, kwamba wao ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Maneno yamewataja, shaba imewaacha. Kumbukumbu yao kubwa zaidi imebaki katika jina la Kariakoo, lililotokana na kikosi chao. Ama mama na mke waliobaki nyumbani, hao hawamo katika shaba wala katika maandishi.

Upungufu huo si mdogo kwa watu wa kusini. Mwaka 1917 majeshi ya pande zote mbili yalipita katika nchi ya Masasi na Newala, na Novemba mwaka huo Lettow-Vorbeck akavuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji. Jeshi lipitalo hula. Vita hivyo vililipiwa pia na ghala za wakulima na migongo ya vijana wao, ingawa hesabu hiyo haikuandikwa chini ya sanamu yoyote.

Sanamu ya pili haina mahali pamoja pa kusimama, kwa kuwa imechongwa mara nyingi. Ni ile ya Wamakonde tuiitayo ujamaa, ambayo mwanzo wake aghalabu huhusishwa na mchongaji Yakobo Sangwani, Mmakonde aliyetoka Msumbiji. Katika gogo moja la mpingo watu wengi hupandana na kushikana, mkubwa na mdogo, mwanamume na mwanamke. Aliye juu hawezi kusimama pasipo aliye chini. Ukimkata mmoja, wote huanguka. Mchongaji hakukusudia kutoa somo la kijeshi. Hata hivyo, ametuonyesha jinsi askari anavyosimama kwa kweli: juu ya mabega ya watu wake.

Sasa tuyageukie mashairi. Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwaka 1978, askari wetu na wanamgambo walikwenda vitani kutoka kila mkoa, na Aprili 1979 Kampala ikatwaliwa. Nyimbo na tenzi zilisikika redioni mchana na usiku. Zilikuwa na kazi yake, nazo ziliifanya vema: kuwaamsha wananchi na kumtia moyo mpiganaji. Lakini tukizipima leo kwa mizani ya sanaa, twaona kwamba nyingi zilikuwa na watu wawili tu, simba na nduli. Nyumba ya askari, ikitajwa, ilitajwa katika ubeti wa kuagana. Mke alipunga mkono, kisha akatoweka mpaka siku ya ushindi. Je, kati ya kuaga na kupokea, alikuwa akifanya nini?

Jibu lake analijua kila mtu wa Lulindi. Shamba la mikorosho halingoji likizo ya askari. Lina palizi yake, lina majira ya kupuliza dawa ya salfa, na korosho zikianguka sharti ziokotwe. Maji hayaji yenyewe mtungini. Na kwa kuwa Wamakonde, Wamakua na Wayao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, mzigo wa watoto wa askari huwafikia bibi na wajomba pia. Kila mmoja wao ameshika sehemu ya bunduki ile, ijapokuwa haionekani mikononi mwake.

Wala jambo hili halikwisha na vita vya Kagera. Tangu mwaka 2013 askari wetu wamehudumu katika kikosi cha Umoja wa Mataifa mashariki ya Kongo, na Desemba 7, 2017 wasiopungua 14 waliuawa huko Semuliki kwa siku moja. Kila Julai 25 twaadhimisha Siku ya Mashujaa, na makaburi ya Kaboya na Naliendele yanatunzwa. Hayo ni ya haki. Lakini kaburi humshukuru aliyekufa. Aliye hai, na mwenziwe amngojeaye, twawashukuru kwa nini?

Hapa ndipo desturi itakapotusaidia. Kijana anapokuwa jandoni, wazazi nao hufuata miiko nyumbani, kwani yaaminiwa kwamba mwenendo wao wamgusa yeye kule porini. Hivyo siku ya kutoka kwake ngoma huwa ya nyumba nzima, siyo ya kijana peke yake. Wala asiseme mtu kwamba desturi haiwezi kupewa kazi mpya. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi tangu 1926, alilipatanisha jando na ibada ya Kanisa, na jando halikufa.

Basi ushauri wangu kwa washairi, wachongaji na viongozi wa ngoma ni huu. Tumsifu askari kwa ushujaa wake, lakini katika ubeti uo huo tumtaje aliyepalilia shamba lake. Akirudi, ngoma ipigwe mlangoni kwa mama yake, naye mama aketishwe mbele. Mke asingoje kuwa mjane ndipo taifa limfahamu. Shukrani impitayo mtu mlangoni kwake ikaenda uwanjani ni nusu ya shukrani, na nusu iliyosalia bado ni deni.