Ufunguo wa Karakana

Jirani yangu hapa Daraja Mbili ni kijana anayechomelea mageti. Siku moja nilimkuta akimwelekeza mwanagenzi wake. Alinisalimu, "Shikamoo, mwalimu," nami nikamwuliza ufundi ameusomea wapi. Alinitajia chuo kimoja cha umma, ambacho sitakitaja, kisha akacheka. "Cheti nilikipata chuoni, mwalimu. Mkono nimeupata hapa mtaani." Mashine ya kukereza vyuma, alisema, waliichora daftarini mara nyingi, lakini kuigusa waliigusa mara mbili tu. Ufunguo wa karakana alikaa nao mkuu wa chuo, kwa kuogopa mashine isije ikaharibika.

Maneno hayo yalinichoma, maana mkuu wa namna hiyo namfahamu vizuri. Nilikuwa mimi. Katika miaka ya themanini, nikiongoza shule yenye mchepuo wa ufundi, randa moja ilipotea. Tangu siku hiyo zilizobaki nilizifungia kabatini. Wakaguzi walipokuja walizihesabu, wakazikuta kamili, wakanisifu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Vijana wangu walimaliza masomo bila kuupiga ubao randa kwa mikono yao, na hakuna fomu ya ukaguzi iliyoniuliza habari hiyo.

Kosa letu, basi, ni hili: tunawapima wakuu wa vyuo vya ufundi kwa mali waliyoitunza, ilhali kazi yao ni kuhakikisha mali hiyo inatumika. Mashine iliyochakaa kwa kufundishia imetimiza wajibu wake. Iliyofunikwa turubai ikabaki inang'aa ni hasara, hata kama leja inasema vingine.

Sisemi kwamba wakuu hao ni wavivu. Mkuu wa chuo cha umma hana uhuru wa kuajiri mwalimu amtakaye, na spea ya mashine haiji bila kupita taratibu za manunuzi. Mashine ikivunjika, maelezo ataandika yeye. Mwanafunzi akitoka bila ujuzi, hakuna anayeandikiwa barua. Kwa hiyo kufunga mlango ni busara ya mtumishi, lakini si busara ya mwalimu.

Hata hivyo, kuna anayeilipia karakana hiyo. Sheria ya mwaka 1994 iliyounda VETA iliwaweka waajiri na wafanyakazi katika bodi pamoja na serikali. Waajiri hutoa tozo ya kuendeleza ujuzi kulingana na mishahara wanayolipa; ilikuwa asilimia 4 mwaka 2020, ikashushwa hadi asilimia 3.5 mwaka 2023. Mwajiri hatoi fedha hiyo ili leja iwe safi. Anautaka mkono unaojua kazi. Mwalimu Nyerere naye alikwisha kutuonya mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, juu ya kuthamini mno vitabu na mitihani.

Siku hizi VETA huwapima mafundi waliojifunzia mtaani na kuwapa vyeti, jambo ambalo ni jema. Lakini tazama kinyume chake: fundi wa mtaani anakwenda chuoni kutafuta cheti, na mhitimu wa chuo anakuja mtaani kutafuta ufundi.

Ningekuwa mkaguzi leo, ningemwuliza mkuu wa chuo mambo matatu. Kila mwanafunzi ameshika chombo saa ngapi kwa juma? Mashine iliyoharibika imekaa siku ngapi bila kutengenezwa? Na wahitimu wa mwaka jana wako wapi? Randa nizihesabu baadaye, na nikikuta moja imevunjika, kwanza niulize imemfundisha nani.

Siku ile, yule mwanagenzi aliharibu kijiti cha kuchomelea mbele ya macho yetu. Nilisubiri akaripiwe. Jirani yangu, ambaye hununua vijiti hivyo kwa fedha yake mwenyewe, alitazama kasoro, akamwonyesha pembe ya kushikia, akampa kingine.